Milipuko ya Gama na Jabali la Mama Tumpe

Mafundi wa maabara mnaobaki kazini mmeniomba niwaachie maneno machache. Nitawaachia mengi, kwa sababu machache hamtayaelewa. Vyeo sitaviandika. Anayetaka kujua nani alipandishwa na nani alirukwa aende kwenye vilabu vya pombe vya Makandana, huko wanajua kuliko mwajiri. Mshahara nao tuuache upumzike, ulikuwa mgonjwa tangu mwanzo. Nitaandika kuhusu vifaa, kuhusu mtu aliyenifundisha kazi, na kuhusu lile jambo la Lufingo ambalo kila mmoja wenu amelisikia, na kila mmoja wenu analisimulia vibaya.

Nilitoka kwenye migomba ya baba yangu nikaenda kusoma Urusi kwa kichwa changu mwenyewe. Sikuwa na mjomba wizarani. Diploma yangu ya elektroniki niliipata kwa lugha ambayo nilipofika sikujua hata kuombea maji, na nikawapita waliozaliwa nayo mdomoni. Wenzangu wengi walirudi nyumbani na makoti ya manyoya, wakayavaa kwenye joto la Dar es Salaam ili waonekane. Mimi nilibaki, nikaajiriwa kwenye taasisi iliyokuwa inatengeneza vipimo vya kufungwa kwenye vyombo vya angani. Hapa Tukuyu kuna watu wanaosema kwamba kule nilikuwa mfagizi. Ni kweli, siku ya kwanza nilifagia. Kila fundi mpya alifagia siku ya kwanza, na mkuu wetu alisimama mlangoni akitazama unafagiaje pembeni, mahali ambapo hakuna anayetazama. Waliofagia katikati tu hawakurudi siku ya pili.

Mkuu huyo alikuwa mwanamke mfupi aliyeitwa Galina Petrovna, mwenye vidole vinene na sauti ya mtu anayegombana na mbuzi. Hakuwahi kunisifu, na ndiyo maana nilijifunza. Alinikabidhi kitambaa laini na fuwele: pande la chumvi safi, ng'avu kama barafu, ukubwa wa sufuria ya chai, limefungwa ndani ya kopo ili lisinyonye unyevu. Akaniambia kwamba nikiidondosha nianze kutembea kuelekea Afrika bila kugeuka nyuma.

Nitawaeleza kazi yenyewe, kwa sababu nimewasikia mkiwafundisha wanafunzi kwamba darubini zote ni bomba lenye vioo. Miale ya gama ni mwanga, lakini una nguvu kupita kiasi. Kioo hakiurudishi wala lenzi haiukusanyi, unapenya tu kama mgeni asiyebisha hodi. Hewa yetu inauzuia usifike chini, ndiyo maana tuko hai, na ndiyo maana kipimo lazima kipande juu ya hewa. Kule juu, mwale ukiingia kwenye fuwele hutoa cheche ndogo ya mwanga wa kawaida. Nyuma ya fuwele kuna mrija wa kioo unaoidaka cheche hiyo, unaigeuza kuwa umeme, kisha unauzidisha mpaka uweze kuhesabika. Kompyuta ya chombo inahesabu bila kuchoka: cheche ngapi sasa, cheche ngapi kwa kawaida. Zikiruka ghafla juu ya kawaida, kengele inapigwa na chombo kinaanza kuandika kila kitu kwa kasi. Ukiisema hivi inaonekana rahisi. Ukiifanya utaota mvi.

Kinachopigiwa kengele hiyo ndicho tunachokiita mlipuko wa gama. Unatokea mbali mno, nje kabisa ya kundi letu la nyota. Unawaka kwa sekunde chache, pengine chini ya hapo, pengine kwa dakika, kisha basi. Hautangazi utakuja lini wala utatokea upande gani. Siku zile hakuna aliyejua unasababishwa na nini. Siku hizi wanasema ni nyota kubwa inayojiangukia yenyewe, au masalia mawili ya nyota yanayogongana. Wakati wangu wanasayansi wenye udaktari wa falsafa walikuwa na nadharia nyingi kuliko milipuko yenyewe, na kila nadharia ilikuwa na adui wake aliyekula meza ya pili kantini.

"Kila kitu kinanong'ona," Galina alikuwa akisema. "Wewe, mimi, vumbi la sakafuni, hizo ndizi zako unazonisimulia kila siku. Ujue kwanza mnong'ono wa kila siku. Asiyeujua mnong'ono atasikia yowe kila mahali."

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yetu ilikuwa kukataa. Fuwele tuliizungushia blanketi la plastiki maalumu. Chembe za umeme zinazozurura angani zikipita humo huwasha plastiki na fuwele kwa pamoja, na hapo unajua ni mwizi, unamtupa nje ya hesabu. Mwale wa gama hupita plastiki kimyakimya na kuiwasha fuwele peke yake. Jua likichafuka, tunakataa. Chombo kikipita juu ya sehemu za dunia zenye chembe nyingi, tunakizima masikio. Siku moja alikuja kiongozi kukagua maabara, mtu wa medali kifuani. Alipokaribia meza ya majaribio, hesabu iliruka mpaka kalamu ikatoka nje ya karatasi. Daktari mmoja alianza kupiga makofi. Mwingine aliomba kimya aandike. Galina alimtazama mgeni kuanzia viatu hadi kofia, akamwambia, "Vua saa." Ilikuwa saa ya zamani ya vita, yenye namba zilizopakwa rangi ya radiumu ili ziwake gizani. Saa ikapelekwa chumba cha pili na hesabu ikatulia. Wale madaktari wawili walikuwa na vyeti virefu kuliko mlango.

Mtauliza, fuwele inajuaje mlipuko umetoka upande gani? Haijui. Inasikia tu. Ndiyo maana vyombo viliwekwa mbalimbali, kimoja karibu na dunia, kingine njiani kuelekea Zuhura. Mwanga una haraka, lakini nao husafiri. Ukikifikia chombo kimoja kabla ya kingine, tofauti ya muda inakuchorea duara angani, na mlipuko uko mahali fulani juu ya duara hilo. Chombo cha tatu kinachora duara lake, na yanapokatana ndipo pa kutazama. Njia nyingine ni kuweka mbele ya fuwele bamba la metali nzito lenye matundu yaliyopangwa, kisha kusoma kivuli kimeangukia wapi. Baada ya mimi kuondoka walitengeneza satelaiti zinazopata mahali upesi na kugeuka zenyewe, na kuziita darubini nyingine zitazame mwanga unaobaki nyuma ya mlipuko kama kaa la moto. Ndipo walipopima umbali kwa mara ya kwanza. Habari hiyo niliisikia redioni nikiwa Tukuyu. Nilimweleza jirani yangu kwa furaha, akaniuliza kama itashusha bei ya mbolea.

Kwa habari ya chombo kimoja kilichosikia peke yake, Galina alikuwa na sheria moja. Chombo kikisikia peke yake, hakijasikia. Kitakachokithibitisha ni kingine, kilicho mbali nacho.

Urusi ilipovurugika, taasisi ilibaki na madirisha na deni la makaa. Nikarudi. Galina alinipa fuwele iliyokuwa imegeuka manjano upande mmoja, isiyofaa tena kupanda chombo, pamoja na mrija wake. "Anga limeikataa," alisema. "Labda milima yenu itaikubali." Nikaibeba kwenye sanduku katikati ya soksi, na diploma yangu katikati ya mashati.

Nilikuta nchi iko kwenye ruksa, kila mtu ameruhusiwa biashara. Niliyemwacha akiuza viazi kwa debe nilimkuta anaitwa mkurugenzi. Barabarani Tukuyu kila mlango ulikuwa duka na kila duka liliuza kile kile: sabuni, betri, kaseti na suruali za mitumba. Shule moja ya binafsi iliyokuwa ndiyo kwanza imefunguliwa ilinichukua niwe fundi wa maabara. Maabara ilikuwa chumba kilichojaa mifuko ya saruji na mizani moja isiyo na sahani. Mwenye shule aliniuliza kama kweli fizikia inahitaji vifaa, maana mtihani ni wa kuandika. Niliitoa saruji kwa mikono yangu. Niliunda vifaa kutoka kwenye redio mbovu. Fuwele ya Galina niliiunganisha na mrija wake na spika ya redio, ili kila cheche isikike kama punje ya mahindi inayopasuka kikaangoni. Mkoa mzima hakukuwa na kifaa kama hicho, na sisemi hivyo kwa kukisia, nilizunguka kuuliza.

Wakati huo huo ulizuka wazimu wa mekyuri, zebaki kwa jina la mtaani. Ninyi mlikuwa watoto. Watu wazima, wenye wake na ng'ombe, waliamini kwamba Mjerumani alipokimbia alizika mali: dhahabu, rupia, na hasa mekyuri nyekundu ambayo eti tone lake linanunua meli. Walivunja redio za mababu zao wakiitafuta. Walichimba makaburi. Mchungaji mmoja alikuta shimo chini ya ngazi za kanisa lake mwenyewe.

Kinara wao Tukuyu alikuwa Tajiri Ambakisye, aliyeanza na mzigo mmoja wa ndizi akaishia na maroli na nyumba Msasani, ile ya hapa hapa Tukuyu. Simchukii mtu kwa kupata. Namdharau kwa kudhani kwamba akipata amejua. Ng'ambo ya Tunduma, upande wa Zambia, alinunua kipimo kidogo cha mionzi kilichotoka migodini, hajui kinapima nini, akaanza kuzunguka nacho vijijini kama mganga na pembe lake. Siku moja alinifuata maabara.

"Mrusi," alisema. Ndilo jina walilonibandika. "Hiyo mashine yako inafanya kazi?"

"Inafanya. Inakusikia hata wewe hapo ulipo."

"Sasa sikiliza, kaka. Nina mzigo Lufingo. Uko kwa yule mjane, Mama Tumpe, nyuma ya jiko lake. Kipimo changu kikifika pale kinalia mpaka kinakwama. Mwenyekiti wa kijiji nimeshaelewana naye. Jumamosi vijana wanakuja na majembe, nyumba inashuka, tunachimba. Bibi tutamjengea sehemu nyingine."

"Bibi amekubali?"

"Mbishi. Anasema hatoki mpaka mtaalamu aje aseme. Sasa hapa mtaalamu ni nani kama siyo wewe? Wewe useme tu kuna kitu."

"Kitu gani?"

Alitazama mlango kwanza. "Mekyuri."

"Zebaki hailii kwenye kipimo chochote duniani. Haina mionzi."

"Hiyo ya kawaida, kaka. Hii ni nyekundu."

Nilimwuliza nani ameiona. Alimtaja mtu wa Chunya aliyemfahamu mtu wa Tunduma. Nikamwambia nitakwenda kupima, na nitakachosema kitakuwa kile nitakachopima. Alifurahi. Watu wa aina hiyo wanadhani kipimo ni kama hakimu wa mahakama ya mwanzo.

Nilikwenda Lufingo katikati ya juma, peke yangu, fuwele mgongoni. Nyumba ya Mama Tumpe ilikuwa ya matofali ya kuchoma na bati, mtelemkoni, na nyuma ya jiko udongo uliisha na jabali likajitokeza wazi, pana kama uwanja wa kuanikia. Ndivyo alivyolitumia, lilikuwa limejaa maharage. Kando yake, chini ya migomba, lilikuwa kaburi la mumewe.

"Ugonile, tata," aliniamkia kwa Kinyakyusa, akiniita baba, kisha akaniangalia vizuri. "Wewe ndiye Mrusi?"

"Ndiye mimi, mama."

"Mbona mweusi hivyo?"

"Ni Mrusi wa Rungwe."

"Haya. Umekuja kunifukuza, au kutazama nikifukuzwa?"

"Nimekuja kupima."

"Wote wanakuja kupima. Hakuna aliyekuja kupalilia." Alivuta kigoda akanipa, yeye akaendelea kuchambua maharage. "Mume wangu alijenga hapa kwa sababu ya hili jabali. Masika milima ikiporomoka, sisi tunalala. Nimezaa hapa, nimezika hapa. Leo wananiambia nimekalia mali ya Mjerumani. Mjerumani! Babu yangu alimbebea mizigo. Alibebeshwa viti, alibebeshwa mpaka chungu cha chooni. Mtu anayekumbuka chungu cha chooni asahau dhahabu?"

Nilicheka, jambo ninalolifanya mara chache. Nilipokuwa nafunga nyaya, aliniuliza huko Urusi nilikuwa nafanya kazi gani.

"Tulikuwa tunasikiliza yowe, mama. Kutoka mbali, mbali kuliko nyota zote unazoziona. Linapigwa mara moja, kidogo tu, halafu kimya moja kwa moja."

"Mkilisikia mnakimbilia?"

"Hatuwezi kufika. Tunageuza macho upande ule."

"Sasa yowe la mtu asiyefikika lina faida gani?"

Nilimjibu kwa urefu, na kila nilichosema kilikuwa sahihi. Alisikiliza mpaka mwisho, akapuliza maganda. "Sisi huku," alisema, "yowe likitoka kilima kimoja tu, wazee walikuwa wanangoja kilima cha pili. Walevi ni wengi."

Nikapima. Kipimo cha Ambakisye hakikuwa kimedanganya, mwenye kipimo ndiye aliyejidanganya. Milima yetu ni ya volkano. Baadhi ya mawe iliyotapika yana chembechembe zenye mionzi, kidogo tu, zimetawanyika kila mahali kama chumvi kwenye mchuzi. Mashambani udongo mzito na wenye maji unazifunika. Kwa Mama Tumpe jabali liko wazi, kwa hiyo mnong'ono unasikika zaidi. Hiyo ndiyo mali yote ya Mjerumani.

Kuwaeleza watu hivyo kwa maneno ni kutwanga maji. Nilitaka waone. Nilikwenda kwa Mzee Shabani, fundi wa betri pale Msasani, akaniyeyushia risasi ya betri kuukuu na kunifinyangia kola nene ya kuizunguka fuwele, iwe na mdomo mmoja tu. Hapo fuwele haisikii kila upande, inasikia kule tu mdomo unakoelekea. Ni ndugu maskini wa lile bamba la matundu la angani. Mzee Shabani hakuniuliza inatafuta hazina gani. Aliniuliza unene. Ndiyo sababu nilimheshimu.

Jumamosi nilikuta kijiji kizima kimejaa uani kwa Mama Tumpe, majembe begani, na nyundo. Ambakisye alikuwa amevaa suti chini ya ukungu. Mwenyekiti alikuwa amesimama juu ya jabali, maharage yamesukumwa pembeni kwa mguu. Mama Tumpe alikaa kwenye kizingiti cha mlango wake, hakusimama kwa ajili ya yeyote.

"Tazameni," niliwaambia. Nilielekeza mdomo wa risasi juu, spika ikadondosha punje moja moja. "Mbinguni kimya." Nikauelekeza jabalini, mahindi yakapasuka. "Jabalini kunalia. Sasa mngesema mali iko hapa. Lakini njooni." Nikawapeleka kwenye mafiga ya jikoni, kipimo kikalia. Kwenye mawe ya mfereji kule chini, kikalia. Kwenye ukingo wa barabara mahali ilipokatwa, kikalia vizuri zaidi. "Mmeona? Kila mahali palipo na jiwe la aina hii panalia. Hii si mali iliyozikwa. Ni mlima wenyewe."

Walitazama jabali, wakatazama mlima. Nikadhani wameelewa. Kisha mwenyekiti akanyanyua mikono.

"Jamani! Kumbe ni mlima wote!"

Ilipigwa shangwe ambayo haijapata kupigwa Lufingo hata siku ya Krismasi. Mzee mmoja alianza kuhesabu hatua za shamba lake papo hapo. Wawili wengine waliokuwa wakichangia mpaka wa mashamba walishikana mashati. Ambakisye alinikumbatia, akasema alijua tangu mwanzo kwamba mimi ni kichwa. Akatangaza kwamba wataanza hapa hapa kwa Mama Tumpe, halafu watapanda mpaka juu.

Mama Tumpe alinitazama kutoka kizingitini. "Umenisaidia sana, tata," alisema. "Mwanzo nilikuwa nafukuzwa na mtu mmoja."

Kijana mmoja alikuwa ameshapanda juu ya jiko na kuvuta bati la kwanza. Niliusikia msumari ukilia. Nakiri kwamba katika dakika ile niliwadharau wote kwa usawa, bila upendeleo, lakini dharau haishushi mtu kutoka paani. Niliwaza Galina angefanya nini. Chombo kimoja kikisikia peke yake, unauliza cha mbali. Mama Tumpe mpaka leo anadai wazo lilikuwa lake, la kilima cha pili. Lilikuwa langu.

"Ngojeni!" nikapaza sauti. "Kazi hii ina kanuni, na asiyeifuata anaharibu mzigo." Neno mzigo liliwasimamisha wote, hata yule wa paani. "Kabla ya kuchimba lazima tupime mahali ambapo tunajua hakuna kitu. Mbali na hapa. Tulinganishe. Tajiri, kwako Msasani kumezikwa chochote?"

"Kwangu?" Ambakisye alicheka. "Mimi kiwanja nilikichimba mwenyewe msingi. Kwangu hakuna kitu."

"Mnamsikia? Kwake hakuna kitu."

"Hakuna kitu!" walirudia.

"Basi twendeni."

Tulikwenda kwa miguu, majembe begani, kwa sababu hakuna aliyekubali kuliacha jembe lake kwa mwenzake siku kama ile. Njiani waliongezeka. Tulipoingia Msasani tulikuwa kama msiba wa mtu mkubwa. Mama Tumpe alitangulia mbele, amejifunga kanga kiunoni.

Nyumba ya Tajiri Ambakisye ilikuwa fahari ya mji. Kuta zote za mawe ya kuchonga kutoka mlimani, meusi kwa kijivu, yamepangwa bila lipu ili wapitaji wayaone. Sakafu ya sebule mawe, nguzo mawe. Mwenyewe alitukaribisha kwa mikono miwili, akaomba tu tufute miguu. Nikaweka fuwele katikati ya sebule na kuivua kola ya risasi. Naye, kwa kujiamini, akawasha kipimo chake.

Vipimo vyote viwili viliwaka kama mafuta yaliyomwagikiwa maji. Si punje tena, ilikuwa kikaango kizima. Mimi nilijua vitafanya hivyo. Juu ya jabali unapigwa kutoka chini tu. Ndani ya nyumba ya mawe unapigwa kutoka chini na kutoka kuta zote nne kwa pamoja. Mafundi, kumbukeni hilo mnapochagua mahali pa kuweka kipimo.

Mwenyekiti ndiye aliyeanza, kwa adabu kubwa.

"Bosi. Mbona kwako kunalia kuliko kule?"

"Kimeharibika," alisema Ambakisye.

"Vyote viwili?" aliuliza Mama Tumpe.

Kijana mmoja alipiga kisigino sakafuni, akainamisha sikio. Akapiga tena hatua moja mbele. Mwingine akamfuata. Kutoka mlangoni mtu alisema, si kwa sauti kubwa, "Ndiyo maana alijenga upesi hivi." Maneno hayo yalipita kwenye umati kama moto kwenye nyasi kavu. Kumbe! Kumbe ndizi zilikuwa kisingizio! Kumbe mzigo ameukalia mwenyewe, anatuzungusha Lufingo tusiutafute hapa! Makochi yalianza kusogezwa ukutani. Jembe la kwanza liligonga ukingo wa jiwe la sakafu, kipande kikaruka.

"Msiguse!" Ambakisye alilia. "Jamani, ni mawe! Ni mawe tu ya mlimani, yanalia yenyewe! Mrusi, kaka yangu, waambie!"

Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kochi lake pekee ambalo halijasogezwa. "Waambie wewe," nilimjibu. "Mimi niliwaambia asubuhi, wakashangilia. Wewe ndiye wanayekuamini."

Akawaambia. Sijapata mwanafunzi aliyeishika fizikia upesi namna ile. Aliwaeleza kwamba mlima ulitapika mawe haya na hakuna binadamu aliyeyazika. Aliwaeleza kwamba udongo unaficha na jabali linaonyesha. Alipapasa kuta zake mbele yao na kuapa kwa Kyala, Mungu wetu, kwamba ndani ya jiwe hakuna dhahabu, hakuna rupia, hakuna mekyuri ya rangi yoyote. Suti ilikuwa imelowa mgongoni. Palipokuwa na ubishi alirudia, na hakuna hata sehemu moja aliyokosea.

"Kwa hiyo la kwangu nalo ni jiwe tu?" Mama Tumpe alimwuliza.

"Ni jiwe tu, mama."

"Usiniambie mimi. Mimi nalianikia maharage. Mwambie mwenyekiti."

Akamgeukia mwenyekiti, akamwambia, mbele ya kijiji kizima cha Lufingo na nusu ya Msasani, kwamba nyuma ya jiko la Mama Tumpe hakuna kitu na hapajawahi kuwa na kitu. Mwenyekiti alishusha jembe polepole begani, akilitazama kama mtu aliyepewa jembe na mwingine. Mama Tumpe alimnyooshea kidole yule kijana aliyekuwa amepanda paani, akamwambia atangulie na nyundo, kuna msumari wa kurudisha mahali pake. Kisha akajifunga kanga upya na kushika njia ya Lufingo bila kumuaga tajiri, kwa sababu ng'ombe wake alikuwa hajakamuliwa.